Mwaka Tuliokula Vitanda

Kwetu miaka haikuwa na nambari, ilikuwa na vyakula. Ungemuuliza mama yangu nilizaliwa lini, angekwambia nilizaliwa mwaka wa maini, mvua iliponyesha mpaka kila boma likawa na harusi, watu wakashiba nyama wakawa wanachagua maini tu, mengine wakawaachia kunguru. Ndugu yangu mdogo alizaliwa mwaka wa mahindi ya njano, yale ya msaada, yaliyotuendesha matumbo mpaka tukaogopa kitu chochote cha rangi hiyo. Kulikuwa na mwaka wa makoma, yale matunda magumu ya mkoma, tuliotafuna makoma hadi meno yakawa kama yamepakwa majani ya chai. Na mwaka ninaotaka kukusimulia wewe leo, tulikula vitanda.

Usicheke. Kitanda cha kwetu hakikuwa cha mbao wala cha chuma. Kilikuwa ngozi ya ng'ombe au ya ngamia, imekwanguliwa, imekaushwa, imepakwa samli na kukanyagwa mpaka ikalegea. Kila mtu alikuwa na yake, na harufu yake imo ndani. Asubuhi unaikung'uta, unaikunja, unaiegemeza pembeni mwa kibanda, na siku ya kuhama inapanda juu ya ngamia pamoja na vyungu.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa pua. Mto Tana ulipofurika uliingia nyumbani kwetu hapa Garissa bila kupiga hodi. Ukala ukuta, ukala choo, ukabeba masufuria. Maji yalipopungua nikarudi kutafuta kilichobaki, nikaikuta ngozi yangu ya kuswalia imezikwa kwenye matope. Nikaiosha, nikaianika juu ya kichaka cha mathenge. Jua likaipiga, ikaanza kutoa harufu. Wallahi nilikaa chini palepale kwenye tope, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikashika tumbo. Wajukuu wakaniuliza, "Ayeeyo, unaumwa?" Ayeeyo ni nyanya kwa lugha yetu. Nikawaambia, "Siumwi. Nimeshiba."

Basi kaa hapa nikueleze nilichoshiba.

Sisi tulikuwa watu wa Lorian, upande wa Habaswein. Leo ukipita na gari kwenda Wajir utaona vumbi na mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba, na dereva akikwambia hapa palikuwa na kinamasi utafikiri amekula miraa nyingi. Lakini mimi nimekunywa maji yake. Ule mto wa Ewaso Nyiro ulitoka kwenye milima ya watu wengine huko mbali, ukatembea mpaka kwetu ukachoka, ukalala chini, ukageuka nyasi. Nyasi zilimzidi mtu mzima urefu. Vyura walipiga kelele hata mtu akikuita lazima aje akuguse bega. Ndege weupe waliwapanda ng'ombe mgongoni kama abiria, na sisi watoto tulirudi nyumbani miguu imepakwa tope jeusi mpaka magotini, tunapigwa, kesho tunarudi.

Kazi yangu ilikuwa kufukiza vyombo vya maziwa. Chombo chenyewe kimesukwa kwa nyuzi za mizizi, kimekazwa hata maji hayapenyi. Unatia kaa la moto ndani, unafunika, unatikisa kama unambembeleza mtoto, moshi unaingia kwenye kila mshono. Kisha maziwa yakiwekwa humo yanakaa bila kuharibika, na ukiyanywa unasikia mti, moto na mnyama vyote mdomoni. Haya ya pakiti mnayokunywa nyinyi, mimi naona ni maji yaliyooshewa chokaa.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni ayeeyo wangu, mama yake baba. Alikuwa mrefu, mkavu, meno machache na maneno mengi. Akiona chombo hakijafukizwa vizuri hakukemea, alikipeleka tu puani mwako na kukaa kimya mpaka ukaona aibu mwenyewe. Shule hakuiona, na mimi pia niliionea mlangoni tu, miaka michache, kisha nikarudi kwa mbuzi. Lakini maneno ya yule mwanamke nimeyabeba kuliko ya mwalimu. Alikuwa akisema, "Nyasi hazina ukoo." Maana yake mvua inanyesha inapotaka. Leo imenyesha kwako, kesho itanyesha kwa jirani, na ukijifanya mwenye nyasi utakufa njaa mwaka zikiota kwingine.

Kwa sababu hiyo kulikuwa na desturi ya kamba. Ukame ukimaliza wanyama wa nyumba moja, nyumba nyingine iliyobakiwa na wanyama inawaletea mmoja wa maziwa. Haileti nyama, inaleta mnyama mzima na kamba yake. Utamkamua, watoto wataishi, na mvua ikirudi, wewe ukapata wako, unamrudisha kwa kamba ileile. Hakuna karatasi wala shahidi. Waswahili wa pwani wanasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Labda nguo zao. Sisi ngamia wa kuazima alitusitiri sana, na sheria yake ilikuwa moja tu, hata mtoto wa kunyonya aliijua.

Mwaka wa vitanda ulianza kama miaka mingine mibaya. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakapita. Msimu wa pili yakapita bila hata kututazama. Kinamasi kikarudi nyuma kutoka kwetu kidogo kidogo, tope likapasuka, vyura wakanyamaza. Kule kunyamaza kwao ndiko kulikoniamsha asubuhi moja nikiwa na hofu ambayo sikujua jina lake. Ng'ombe walitangulia, maana ng'ombe ana moyo mwepesi. Kondoo wakafuata. Tulikuwa tunakimbia kuwawahi wachinjwe kabla hawajakata roho, na wakati mwingine tukifika roho imeshapita, nyama imekuwa haramu, tumbusi wanashukuru peke yao.

Baba akachukua ngamia wachache waliobaki wenye nguvu akaenda nao kutafuta majani mbali, upande wa mpaka, pamoja na wanaume wengine. Tukabaki ayeeyo, mama, mimi, na ndugu yangu mdogo aliyekuwa ameanza kusema maneno. Neno alilolipenda lilikuwa "caano", maziwa. Alilisema akiamka, alilisema akilia, alilisema hata akimwona mgeni, kama salamu.

Ndipo akaja jirani. Alikuwa mwanamke mwenye kovu la moto mkononi, boma lake lilikuwa ng'ambo ya visima. Alikuwa amebakiwa na ngamia wa kuhesabu kwa jicho moja. Akaja na mmoja, jike, wa rangi ya mchanga, na ndama wake nyuma. Hakuingia kibandani, hakukaa. Alimpa ayeeyo kamba kwa mkono wa kulia, akasema, "Kamua." Ayeeyo akaipokea kwa mkono wa kulia. "Mvua ikija," akasema. "Mvua ikija," jirani akajibu, akageuka akaondoka. Nimeona harusi zilizosemwa maneno mengi na hazikudumu kama lile neno moja.

Sasa kulikuwa na shida nyingine. Kwetu mwanamke alikuwa hakamui ngamia. Mbuzi sawa, ng'ombe sawa, ngamia ni wa wanaume. Na wanaume wako wapi? Mzee mmoja wa boma la pili, ambaye alibaki kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba, akaanza kumkanya ayeeyo. Ayeeyo akajifunga nguo kiunoni, akainua mguu mmoja akauegemeza kwenye goti la pili, chombo juu ya paja, kama wanavyofanya wanaume. Akamwambia, "Mzee, njoo wewe ukamue, mimi nitakushikia hiyo miguu." Mzee akapiga kikohozi akaenda zake.

Ndama hakudumu. Mama yake hakuwa na maziwa ya kutosha watu na mtoto wake, na ndama akalala siku moja chini ya mgunga hakuamka. Sisi hatukulia, machozi yalikuwa maji. Ayeeyo akamchuna haraka. Ngamia, rafiki yangu, si mjinga. Akikosa mtoto wake anafunga maziwa, kiwele kinakuwa jiwe, hata ukimbembeleza kwa wimbo. Kwa hiyo ngozi ya ndama inakaushwa na kuwekwa mbele ya pua yake kila anapokamuliwa. Anainusa, anairamba, anadanganyika, maziwa yanashuka. Mwenye kuishika ile ngozi nilikuwa mimi. Nilisimama mbele ya yule mnyama asubuhi na jioni, kichwa chake kikubwa juu yangu, pumzi yake ya moto usoni mwangu, anairamba ngozi na kuguna, na mimi simtazami machoni.

Yale maziwa yalikuwa kiasi cha kulowesha koo. Chakula tulianza kukitafuta chini yetu.

Kitanda cha baba kilitangulia, kwa kuwa hakuwepo kukilalia. Ngozi inalowekwa kwanza kwenye maji machafu ya kisima, usiku na mchana, inywe. Kisha unaiunguza nywele motoni, unazikwangua kwa jiwe, unaikata vipande, unaitwanga, unaichemsha mpaka kuni zinakaribia kuisha. Inakuwa kitu cha kuteleza, cha kijivu, hakitafuniki sawasawa, unakimeza kinakataa, unakimeza tena. Na samli yote ya zamani iliyopakwa humo, jasho lote la mtu aliyeilalia, linatoka kwenye mvuke. Siku ya kwanza mama alionja, akasema, "Tumemla baba yenu," akacheka mpaka akapaliwa. Ayeeyo akasema, "Ndiyo maana ni mgumu." Tukacheka wote. Huo ndio mlo wa mwisho niliosikia wale wanawake wawili wakicheka pamoja.

Tukala cha ayeeyo. Tukala cha mama. Tukala changu, na nakwambia mtu akila kitanda chake anajijua ladha. Tukala kamba za ngozi za kufungia mizigo, tukala ndoo ya ngozi ya kisimani iliyokuwa imetoboka. Cha ndugu yangu mdogo kilikuwa kidogo, cha mbuzi, kiliisha kwa siku moja. Ikabaki ngozi moja tu katika boma lote: ile ya ndama. Wakati wa kukamua ilikuwa ya ngamia. Wakati mwingine wote alilazwa juu yake ndugu yangu, kwa sababu ardhi ilikuwa inamuumiza mifupa.

Alikuwa ameanza kuvimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu kama za mahindi. Hakusema tena "caano". Akipewa povu la maziwa alilishika mdomoni likamwagika pembeni. Mama alikuwa akimtazama mtoto, kisha anamtazama ngamia, kisha mtoto tena. Niliona macho yake yakienda na kurudi, na mimi mtoto nilijua yanabeba nini.

Asubuhi moja tulikuwa tunakamua. Mimi nimeshika ngozi, ayeeyo amesimama kwa mguu mmoja. Mama akaja na yule mzee wa boma la pili, na mzee ana kisu, maana kwetu mwanamke hachinji ngamia.

"Mama, sogea," mama akamwambia ayeeyo.

"Nisogee niende wapi?"

"Huyu mnyama bado ana nyama. Tumchinje leo. Nitapika nyirinyiri, nitaihifadhi kwenye mafuta, tutakula mpaka mvua. Mtoto anataka mchuzi. Povu halimshibishi."

Nyirinyiri ni nyama iliyokatwa vipande vidogo sana, ikakaangwa ikawa kavu, ikazamishwa kwenye mafuta. Inakaa miezi. Niliposikia hilo neno mdomo wangu ulijaa mate, sitakuficha.

Ayeeyo hakuacha kukamua. Akamuuliza mzee, "Na wewe umekuja kufanya nini?"

"Mimi nimeitwa tu," mzee akasema, akaficha kisu nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Umeitwa, umefika, salamu tumepokea. Rudi."

"Hakuna anayeona!" mama akapiga kelele. "Mwenyewe yuko ng'ambo ya visima, hajui kama ngamia wake yu hai au amekufa. Tutasema amekufa mwenyewe. Nani atauliza, mwaka huu, ngamia amekufaje?"

Ayeeyo akashusha mguu chini. Akafunika chombo, taratibu, asimwage hata tone. Akasema, "Wa kuazima hukamuliwa, hachinjwi. Nimekataa."

"Na mtoto wangu? Yeye ni wa kuazima?"

"Naye pia," ayeeyo akasema. "Ila mwenyewe akija kumchukua hatuulizi."

Nimeishi miaka mingi tangu asubuhi hiyo. Nimezika mume, nimezika watoto, nimeona vita na mabomu. Sijasikia neno zito kuliko hilo, na sijui mpaka leo kama lilikuwa la imani au la ukatili. Labda mdomo mmoja unaweza kubeba vyote viwili.

Ndugu yangu alikufa adhuhuri, siku chache baadaye, juu ya ile ngozi. Alizikwa alasiri, kaburi fupi, ardhi ngumu kama sufuria. Na jioni, kwa sababu jioni haijui kama umezika, ilibidi tukamue. Nikaibeba ngozi nikampelekea ngamia. Akainusa. Hakuinusa upande wa shingo ya ndama wake kama siku zote. Aliinusa upande aliolala ndugu yangu. Akaramba pale, akaramba, akaguna sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na maziwa yakashuka mengi kuliko siku zote za ukame ule. Mama alikuwa amesimama mlangoni, aliona.

Tuliyanywa. Njaa haikai matanga.

Mvua ilikuja baadaye, na ilikuja kwa fujo, ikazoa vibanda vya watu waliokuwa wameponea chupuchupu. Ndivyo ilivyo kwetu, kiu inakuachia gharika ikumalizie. Baba akarudi na ngamia wawili. Akaingia kibandani akatafuta kitanda chake, mama akamwambia, "Tumekila." Akamtafuta mtoto kwa macho, akaelewa.

Majani yalipoota, ayeeyo alinichukua tukampeleka yule ngamia ng'ambo ya visima. Alikuwa mwembamba lakini hai. Jirani mwenye kovu akampapasa nundu, akamwangalia chuchu, akamwangalia miguu. "Umemtunza," akasema. "Tumemkamua," ayeeyo akajibu. Akampa kamba kwa mkono wa kulia. Kisha tukarudi. Katikati ya njia ayeeyo akakaa chini, akaniambia, "Geuka utazame nyasi." Nikageuka nikazitazama nyasi. Zilikuwa zimeota kila mahali, za kijani, kijani ya kuudhi. Nyuma yangu nilisikia kilio ambacho mtoto husikia akiambiwa asigeuke.

Mama hakuwahi tena kupokea kitu mkononi mwa ayeeyo. Hata chai. Ayeeyo akimimina, mama anaacha kikombe kinapoa. Alimtunza, alimpikia, alimfulia, na siku ayeeyo alipokufa ni mama aliyemwosha maiti, kwa upole, nywele moja moja. Lakini kikombe hakukipokea. Na ile kamba nayo iliendelea kutembea. Mwaka mwingine mbaya ng'ambo ya visima waliishiwa, sisi tukawapelekea. Mwaka mwingine tena wakatuletea. Wapo watu wengi leo, na madereva, na walimu, na mmoja wao nasikia ni daktari Nairobi, waliokulia kwenye maziwa ya ile kamba. Ningekuwa na ndugu yangu hapa ningemuuliza kama biashara hiyo ilikuwa nzuri. Sina.

Sasa nikurudishe Garissa, maana mambo yenyewe hayajaisha.

Ukame huu wa juzi, ule wa misimu iliyokataa mfululizo, ulimaliza mbuzi wangu wote. Walikufa wamesimama, wameegemeana kama walevi. Nikaja kwa mwanangu mjini, kando ya mto, nikijua sitarudi. Tukaandikishwa, tukapigwa picha, tukatumiwa kitu kwenye simu, tukapewa biskuti za pakiti ya fedha zenye ladha ya dawa. Huu wajukuu zangu watauita mwaka wa biskuti. Lakini kabla ya biskuti alikuja mwanamke mmoja wa mtaa huohuo. Nilimjua kwa uso kabla hajasema kwao ni wapi, ni mjukuu wa yule jirani mwenye kovu. Alikuwa na ngamia jike, kamba yenyewe ya plastiki ya bluu. Akanipa kwa mkono wa kulia. "Ayeeyo," akasema, "kamua." Nilidhani dunia imeshaisahau hiyo kazi. Nililia kama mpumbavu mbele ya watoto.

Nikamkamua mwenyewe. Wazee wa msikitini wakanung'unika kidogo, siku hizi hawana hata nguvu ya kunung'unika.

Kisha ikaja hiyo mvua, yote kwa pamoja. Mto ukapanda, viboko wakatembea barabarani, mamba wakaonekana kwenye vyoo vya watu, barabara ya Nairobi ikakatika na kitunguu kikawa dhahabu. Sisi tukapanda mwinukoni na ngamia na turubai. Yule mwanamke nyumba yake ilizolewa nzima. Akapanda lori na watoto wake kwenda Dadaab kwa ndugu za mumewe, haraka haraka, hata hatukuagana. Nikimpigia simu mashine inaniambia hapatikani. Nampigia kila nikimaliza kuswali.

Na mwanangu ni dalali, soko la mifugo ndilo shamba lake. Jumatano iliyopita alikuja na mwenye bucha, mwanaume wa tumbo, akaenda moja kwa moja kwa ngamia akaanza kumfinya nundu.

"Huyu ana mafuta bado," akasema.

"Toa mkono," nikamwambia. "Umemposa?"

Mwanangu akanivuta kando. "Hooyo, mama yangu, sikiliza basi."

"Nasikia. Sijafa."

"Mke wangu ana mimba. Tunalala chini ya turubai. Wanasema mvua nyingine ziko njiani. Nikipata mabati tu, hooyo, mabati na mbao, tutakaa kama watu. Mwenyewe hayupo. Simu haishiki. Huenda hata harudi tena. Akirudi tutamlipa pesa."

"Pesa inakamuliwa?"

"Zamani imekwisha, hooyo!"

Mjukuu wangu mkubwa wa kike, ambaye anasoma sekondari na kuongea kama watu wa Nairobi, akadakia, "Lakini ayeeyo, si ukweli? Siku hizi ngamia ni doo tu." Nikamtazama, akarudi kwenye simu yake.

Mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni mwa turubai, mkono juu ya tumbo. Alinitazama mimi, akamtazama ngamia, akalitazama tumbo lake, na macho yake yakaenda na kurudi. Nayajua macho hayo. Niliyaona nikiwa mtoto nimeshika ngozi.

Ningependa kukwambia nilitafuta maneno yangu mwenyewe. Sikuyapata. Yalitoka ya mtu aliyekufa zamani, kwa sauti yake, hata mimi nilishtuka. "Wa kuazima hukamuliwa, hachinjwi. Nimekataa."

Mwenye bucha akaondoka akicheka. Mwanangu akaondoka hakucheka. Jioni nikachemsha chai kwa maziwa ya ngamia, nikammiminia mkwe wangu kikombe cha kwanza, kama ninavyofanya kila siku. Hakukipokea. Kilipoa mkononi mwangu.

Kinamasi hakipo. Vyura hawapo. Mto unaokuja kwetu sasa unakuja kama mwizi au hauji kabisa, na wale wa milimani wanaokunywa maji yake kabla hayajatufikia hawajui hata kuna watu mwisho wake. Vyombo vya kufukiza wageni wananunua kutundika ukutani. Na vitanda? Niliangalia juzi wajukuu wangu wamelala chini ya turubai, kila mmoja juu ya godoro la sponji lenye maua, limenyonya maji ya mto mpaka limeoza katikati. Nikawaza, sisi njaa ilipotubana tulikuwa na kitanda cha kuchemsha. Hawa watachemsha nini? Sponji hailiki. Kilichobaki chenye uhai katika nyumba hii ni mnyama mmoja ambaye si wangu, na kamba ya plastiki, na mimi.

Mawingu yamekaa upande wa mto. Jumatano inakuja, na mwanangu amesema atarudi na watu wengine, na wazee, wazungumze nami. Waje. Nitawapikia chai. Kamba nimeifunga kwenye kiti changu, na kiti nimekikalia. Najua bei yake, usinifundishe. Najua nani atalala na maji shingoni kwa ajili ya neno langu, na najua ni kikombe cha nani kitapoa mpaka siku atakaponiosha maiti.

Wa kuazima hukamuliwa, hachinjwi. Nimekataa.